Nilimvalisha Mamangu Disk ya "Ing" Siku Aliyoitwa Ofisini

Mulembe wakuu.

Naanza na aibu yenyewe ndiyo nisipate nafasi ya kuirembesha. Ijumaa iliyopita, saa nne ya break, pale mfereji wa jikoni, mbele ya vijana kama thelathini, nilimvalisha mamangu mzazi disk.

Ndiyo. Yule yule aliyenizaa.

Mnanijua mimi ni muongo wa kawaida, lakini hii ni ya kweli tupu. Hata nikitaka kuipinda, mashahidi ni wengi, na Mukoya anayelala kitanda cha juu yangu anapendanga sana kunisahihisha.

Kwa mamono, nyinyi wageni wa Form One, mnaoshika daftari hili mara ya kwanza: hapa bwenini kila mtu anaandika lililompata, anapitisha kitanda kwa kitanda, wengine wanajibu chini. Tunaliita uzi kwa sababu jalada lilitoka zamani tukalishona na uzi wa gunia. Sheria ni moja tu. Ya kubuni peleka kwa insha.

Sasa disk.

Shule nyingi ziko nayo, unavaa ukisikika ukiongea Kiluhya. Yetu ilikuwa hivyo mpaka mwalimu wa Kiingereza, huyu tunayemwita Mista Tenses, alipoamka siku moja akasema Kiluhya si ugonjwa. Ugonjwa ni "ing". Akasema kutoka Khayega mpaka Mumias watu wanasema "I am having a cow", "I am knowing him", "I am coming from Shinyalu" na huyo mtu anatoka Shinyalu tangu azaliwe.

Akachukua kipande cha mbao cha dawati lililovunjika, akachoma herufi tatu na msumari wa moto, ING, akatoboa tundu, akatia kamba ya katani.

Ukikosea simple na continuous, unavaa shingoni. Unaivua tu ukimsikia mwingine akikosea, unamvalisha yeye. Ukiitoa bila kumshika mtu, unaitwa parade. Atakayekuwa nayo Ijumaa saa kumi jioni anaosha choo cha Form One.

Wakuu, mnajua choo cha Form One.

Na kwa karatasi aliyobandika kwenye ubao, Mista Tenses aliandika kwamba disk inaweza kupewa "any person within the school compound". Mtu yeyote ndani ya ua. Nadhani aliwaza prefect. Mimi nikaisoma kama wakili.

Ijumaa hiyo niliamka nayo. Alhamisi jioni Mukoya alinishika nikisema "I am not understanding this sum". Nikalala nayo shingoni kama ng'ombe wa maonyesho. Asubuhi nzima nikatafuta mtu, lakini ukiwa na disk watu wanakukimbia. Kila mmoja anakujibu "yes" na "no" na kutabasamu.

Ndipo break nikamwona Mama mferejini.

Wengi mnamjua, hata kama hamjui ni mamangu. Ni yule wa leso ya kijani anayegawa githeri ya mahindi na maharagwe. Mlimpa jina Mama Supu. Mimi mwenyewe nililitumia hilo jina, na nilikuwa natembea nikilitamka kwa sauti kuliko nyinyi.

Acha niseme kitu hapa halafu tuendelee. Ukiwa mtoto wa mpishi shuleni, ama unachekesha ama unachekwa. Form One nilichagua, na tangu hapo sijapumzika.

Haya.

Mama alikuwa ameanza kujifunzafunza Kiingereza. Matron wetu alihamia kwa mtoto wake Lugari baada ya zile mvua za El Niño, nafasi ikabaki wazi, na Mama aliitaka. Aliitaka vibaya. Daktari mjini alimwambia moshi wa kuni ndio unamla macho, achague kutoka motoni ama macho yatoke yenyewe. Matron hapiki. Matron anahesabu shuka, anatoa dawa, na anaandika wagonjwa kwa kitabu cha Mwalimu Mkuu. Hicho kitabu ni cha Kiingereza, na ukiitwa ofisini lazima ukiongee.

Jumapili aliponiletea sabuni aliniambia, akiniita papa kama mama zetu wanavyowaitanga wana wao, "Papa, nifundishe kidogo, nisiende kule nikiwa kama ukuta."

Nikamwambia nitamfundisha wiki ijayo. Kulikuwa na mpira.

Kwa hivyo alikuwa akijizoeza peke yake. Anaongea na sufuria.

Pale mferejini nikamwendea kifua mbele kama mkaguzi wa shule. Vijana wakajua kuna kitu, wakasogea.

"Good morning, madam. What do you have in that sufuria?"

Akaniangalia. Akafuta mikono kwa leso. Nilimwona akitafuta maneno, akayapata, uso ukafurahi kidogo kama mtu aliyeokota sindano yake iliyoanguka.

"Good morning," akasema polepole. "I am having beans."

Woooi! Vijana walilia. Mukoya alikaa chini kabisa kwa matope. Na mimi, mbele ya makofi hayo yote, nikavua disk shingoni kwangu nikamtia Mama shingoni kwake.

Nilidhani atanipiga kofi. Kofi lingekuwa sawa, sote tungecheka, mambo yangeisha.

Akaishika tu, akaigeuza, akasoma.

"Hii ndiyo ile ya ofisi?"

"Ndiyo, Mama. Sheria."

"Inatokaje?"

"Mpaka umsikie mtu mwingine akikosea."

"Haya basi, sawa," akasema. Akainua sufuria yake ya maharagwe akaenda. Ile mbao ilikuwa ikigonga kando ya sufuria akitembea. Ko. Ko. Ko. Mpaka akaingia jikoni.

Saa saba ya chakula nikapanga foleni. Mama alikuwa pale na mwiko, disk shingoni juu ya leso. Kila kijana akifika anauliza, "Madam, are you having beans?" Kila kijana, wakuu, hata mamono. Yeye anagawa tu. Hakumpunguzia hata mmoja. Nilipofika mimi akanipa kijiko kile kile cha siku zote, na hakunitazama.

Nikaanza kuona githeri ni chungu.

Nilipopeleka sahani, Baba Shem, mpishi mkuu, akanivuta shati. Jina langu Wycliffe yeye hulitamka kwa njia yake.

"Wewe Waikilifu, umefanya nini? Mamako anaitwa ofisini saa nane. Board imekuja. Hujaona ile gari?"

"Saa nane ya lini?"

"Saa nane ya jana! Si leo, wewe?"

Mimi nilikuwa najua ni mwisho wa mwezi. Labda ndivyo Mama aliniambia, labda sikusikiliza. Zilibaki dakika kama arobaini mamangu aingie mbele ya Mwalimu Mkuu na wazee wa board kuomba kazi ya Kiingereza, akiwa na mbao shingoni inayosema hajui Kiingereza. Na aliyeifunga ni mimi.

Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Kulikuwa na moshi wa kukata na panga. Alikuwa amekaa kwa gogo la kuni, ameshika karatasi ya pakiti ya sukari ameandika sentensi zake, anaileta karibu na macho, anaipeleka mbali.

"Mama, toa hiyo kitu."

"Nani alinivalisha?"

"Mimi."

"Na sheria inasema nani anaitoa?"

Yeye akaendelea kusoma karatasi yake, halafu akasema bila kuinua kichwa: "Darasa la tano sisi tukiongea Kiluhya tulivalishwanga taya la ng'ombe. Mimi nililivaa wiki mbili. Siku moja nikalitoa nikalitupa kwa mahindi. Mwalimu akaita mamangu. Huyo mama akalitafuta kwa magoti ndani ya mahindi, shule yote imesimama inaangalia. Alipolipata akanivalisha yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi sitoi, papa. Nitaenda nayo hivi."

Nikaangalia ile mbao, nikaangalia mlango.

Nikapata akili nyingine. Nikikosea mbele yake, atanivalisha, itakuwa imetoka kwa sheria. Nikasimama katikati ya jikoni nikatangaza:

"Mother, I am knowing you. I am wanting food. I am having one nose."

"Very good," Mama akasema.

"Huyu kijana anajua Kizungu," Baba Shem akaongeza huku akichochea moto.

Wakuu, hapo ndipo nilielewa shida yangu kamili. Hangeweza kunishika, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kosa ni nini. Disk inamfunga asiyejua na inafunguliwa na anayejua. Sisi huwa tunaiona kama mchezo kwa sababu tunafundishwa kila siku. Yeye alikuwa amevalishwa kufuli, na funguo iko mfukoni mwa mtoto aliyeenda mpira.

Nikamwambia zile zote zilikuwa makosa, anishike tu.

Akakataa.

"Mimi sijasikia kosa. Umeniambia wewe. Huo ni uongo, na siwezi kwenda mbele ya watu nikiwa nimevuliwa na uongo."

Kwa hivyo ilibidi nimfundishe. Simple na continuous, dakika thelathini na kitu, ndani ya moshi. Sijawahi kufundisha mtu chochote isipokuwa kupanda ukuta wa nyuma.

Nikajaribu kama Mista Tenses, "an action in progress at the time of speaking". Mama akapepesa macho. Baba Shem akauliza kama ni maombi.

Nikaacha hayo. Nikauliza, "Mama, kila siku ukifika hapa unafanya nini?"

"Nawashanga moto."

"Halafu?"

"Naoshanga maharagwe. Napikanga."

"Hapo hapo! Hiyo yako ya *nga*, ya kila siku, Kizungu hakiweki ing. I light the fire. I wash the beans. I cook."

Mwalimu wa Kiswahili akisoma hapa atasema hakuna "napikanga" kwa Kiswahili sanifu. Mwalimu, tafadhali, nenda kwa ukurasa mwingine. Hapa Kakamega tunasemanga, na siku hiyo iliokoa watu.

"Na Baba Shem sasa hivi anafanya nini?"

"Anachochea moto."

"Haijaisha, si ndiyo? Iko motoni, bado haijaiva. Hiyo sasa unaweka ing. He is stirring the fire." Sina hakika kama moto unakuwa stirred kwa Kizungu, msinihukumu.

Mama akafikiria. "Kwa hivyo ing ni sufuria iko kwa moto."

Wakuu, nimesoma Kiingereza miaka kumi na moja, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia vizuri hivyo.

"Lakini maharagwe nilikuwa nayo sasa hivi," akasema. "Yalikuwa mkononi mwangu. Mbona ulinishika?"

Nikakuna kichwa. "Kuwa na kitu si kazi, Mama. Unakuwa nacho tu, umekaa. Hakichemki. Kujua hakuchemki. Kutaka hakuchemki. Hayo ya ndani ya mtu hayaendi kwa moto, unasema tu I have, I know, I want."

"Kupenda?"

"Hakuchemki pia."

Baba Shem akacheka mpaka akakohoa. "Mama Wycliffe, msamehe. Huyu bado mtoto."

Tukarudia. Alichukua mkaa akaandika ukutani pande mbili, ya moto na ya kukaa. Nikimtajia neno ananyoosha kidole. Sleep? Moto. Know? Kukaa. Wash? Moto. Believe? Akasita, akaweka kwa kukaa, akasema imani isipokaa si imani. Kwa mara ya kwanza nilimwona anafurahia kitu kwa hiyo jikoni. Macho yalikuwa yanatoka machozi, lakini yanacheka.

Lakini disk ilikuwa bado shingoni. Kila nilipojaribu kukosea kwa makusudi alikuwa anasema, "Hiyo umeitegesha. Sitaki ya kutegesha."

Halafu kengele ya saa nane ikalia.

Nilishtuka vibaya. Nikasahau masomo, nikasahau mitego, nikamshika mkono nikimvuta mlangoni: "Mother, quick, quick! I am hearing the bell!"

Akatembea hatua mbili. Akasimama.

"Wycliffe."

Mama akiniita jina langu la kanisani mimi najua nimekufa.

"Kusikia kunachemka?"

Nikauachilia mkono wake.

"Unaisikia tu, umesimama hapo. Hakuna kitu unapika," akasema. "Ungesema I hear. *I hear the bell.*"

Baba Shem alipiga sufuria tupu na mwiko kama ngoma ya isukuti. Mama akaivua disk kichwani kwake, polepole, kamba isimharibu nywele, akanitia mimi. Halafu akanitengenezea kola juu ya kamba, kama vile ananituma kanisani. Akaosha macho kwa maji ya mtungi, akavaa sweta yake nyeupe iliyokuwa imefungwa kwa karatasi juu ya gunia la mahindi, akaenda.

Mimi nikaenda History nikiwa nimevaa mbao inayonuka moshi.

Sasa hii sehemu ijayo Mukoya haijui, ataisomea hapa. Katikati ya somo alinigeukia akaninong'oneza, "Are you having a ruler?" Na Mista Tenses alikuwa akipita dirishani. Ningempatia hapo hapo, mbele ya mwenye disk mwenyewe. Nikampa rula, nikanyamaza.

Mukoya, una deni la kunibebea maji wiki moja. Lakini kusema ukweli, sikukuachia kwa sababu yako.

Saa kumi nikasimama parade, nikatajwa, nikapigiwa makofi, nikapewa ndoo na ufagio. Sitaeleza niliyoyaona. Mamono, mnakula nini?

Nilikuwa nimefika tundu la tatu nikasikia viatu nje. Mama, na ile sweta yake, amesimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

"Wamesema nijaribu mpaka shule ifungwe," akasema. "Jumatatu napewa funguo za stoo ya shuka. Nikiweza, wananiandika."

Nikaangusha ufagio. Nikauliza walimuuliza nini, alijibu nini. Akasema walimuuliza kijana akija na kusema anaumwa tumbo siku ya mtihani atafanya nini. Akasema, "I look at his eyes. I have a son." Mzee mmoja wa board akacheka, akaandika kitu.

Halafu akasogea karibu, akashusha sauti.

"Lakini huyo Mwalimu Mkuu wenu. Aliniambia, *I am seeing that you are having experience with boys.* Nikataka kuuliza disk iko wapi. Nikasema hapana, wacha kwanza anipe kazi."

Tulicheka mpaka nikashika ukuta wa choo, kitu ambacho sishauri mtu yeyote.

Na kwa sababu tulikuwa tumecheka hivyo, nikaona njia ni nyeupe. Nikamwambia haraka, huku nikiokota ufagio, "Na Mama, pole kwa ile ya asubuhi."

Wakuu, kabla sijawaandikia alichojibu, nimalizie yangu, kwa sababu baada yake mimi sina la kuongeza.

Nilichojifunza cha Kiingereza mmeshakisoma, kiko ukutani jikoni kwa mkaa, nendeni mkanakili. Mtihani unakuja. Nilichojifunza cha pili ni kwamba mtu akikuomba umfundishe Jumapili, mfundishe Jumapili. Na cha tatu, usipime sheria mpya kwa shingo ya mtu ambaye hawezi kukukatalia kwa sababu anakupenda. Nilicheka sana pale mferejini. Wale waliocheka nami siwalaumu, mimi ndiye niliyeuza tiketi.

Jibuni hapa chini, na mtumie biro, si penseli, kuna watu bwenini humu wanafutanga ushahidi. Nani mwingine amewahi kumcheka mtu halafu akagundua ni yeye alipaswa kumsaidia? Na kama kuna anayejua kama moto unakuwa stirred, aandike pia.

Mkishamaliza kuandika, kesho Jumatatu break mje wote mfereji wa jikoni, hasa mliokuwepo. Sababu ni hii. Nilipomwambia pole, Mama aliangalia ndoo, akaniangalia mimi, akasema hivi, neno kwa neno:

"Ulinivalisha mbele ya watu, ukanifundisha kuivua huko nyuma jikoni. Hiyo pole yako, papa, kaiseme pale mferejini saa nne, wale wote wakiwa wamesimama. Hapa chooni mimi siisikii."